Bendi ya Mazoezi Mkononi: Inahesabu Nini Ukiwa Ikutha, na Inakudanganya Wapi

Manze, kuna kitu hufanyikanga ukienda ocha na hiyo bendi yako ya mazoezi. Umetoka Nairobi usiku, ukashuka Kibwezi, ukavuka Mto Athi kuingia upande wa Kitui, lami teke teke hadi Ikutha. Hapo stage unadandia boda ikufikishe home, njia ya mchanga na mawe. Ukishuka tu, bendi inatetemeka mkononi: hongera, umeshapiga hatua elfu moja na kitu. Hatua gani na ulikuwa umekaa?

Kesho yake unaamka na jogoo kumsaidia mathe kuleta maji. Mitungi mitatu ya lita 20 kwa wilbaro, hiyo ni kilo 60 ya maji pekee, na mchanga unameza gurudumu. Ukifika mgongo unalia. Unacheki bendi: hatua mia mbili. Yaani kukaa kwa boda ni zoezi, kusukuma maji ni bure.

Bendi haijaharibika. Haijui miguu yako iko wapi, inajua mkono tu. Ndani yake kuna sensa inaitwa akselerometa, inayosoma vile mkono unasonga mbele, nyuma, juu na chini. Programu inatafuta mpangilio unaofanana na mkono wa mtu anayetembea: bembea, bembea, bembea. Barabara mbaya ikikutingisha kwa mpangilio kama huo, baadhi ya bendi huingia boksi. Mikono ikishika wilbaro imetulia, hakuna bembea, hakuna hatua. Ni vile vile kwa mama anayebeba mtungi mgongoni na mkanda kichwani huku ameushika kwa mikono yote miwili. Anaweza kutembea kutoka mtoni hadi nyumbani na mkono wake usomeke kama wa mtu aliyekaa kwa kiti.

Dawa yake ni rahisi. Ukienda maji, toa bendi uiweke mfuko wa suruali, au uifunge kwa kifundo cha mguu. Ukipanda boda, usijali sana, jua tu kwamba siku za safari namba inaongopa. Na kama bendi yako ina GPS, au inaazima ya simu, washa kipengele cha kutembea kabla hujaanza: hapo inapima umbali kwa setilaiti, na hiyo haijali mikono inafanya nini.

Sasa hiyo hesabu ya hatua 10,000 ambayo kila msee anaimba. Wengi hudhani ni daktari aliamua. Zii. Mwaka wa 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja Japani ilitoa kidude cha kuhesabu hatua kikaitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, likashika, na mpaka leo bendi nyingi zinakuja na lengo hilo kutoka kiwandani. Utafiti uliotoka 2019 kwa wanawake wazee Marekani, ulioongozwa na I-Min Lee wa Harvard, ulipata kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliopiga kama 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa hivyo ukimaliza siku na 6,000, usijione umefeli. Shirika la Afya Duniani lenyewe halihesabu hatua: kwa watu wazima linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kukaza, na siku mbili za kujenga misuli. Hiyo wilbaro ya maji iko ndani, bendi ipende isipende.

Mapigo ya moyo ndiyo kitu bendi inajaribu vizuri. Ukiigeuza utaona taa ya kijani chini. Damu inameza mwanga wa kijani, na kila moyo ukidunda damu inajaa kwa mkono, mwanga unaorudi unapungua kidogo. Sensa inahesabu huko kupungua. Ikivaliwa legelege, mwanga wa nje unaingia na hesabu inaharibika, kwa hivyo wakati wa mazoezi kaza kidogo, upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo. Tatuu nzito pia inaweza kuzuia mwanga. Na wale huuliza kama ngozi nyeusi inaichanganya: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walicheki hilo, wakatoa majibu 2020. Hawakuona tofauti kubwa kati ya rangi za ngozi. Kilicholeta shida kilikuwa kusonga, makosa yalizidi mtu akiwa kwa shughuli kuliko akiwa ametulia.

Hesabu ya haraka: toa miaka yako kutoka 220. Ukiwa na 24, unabaki na 196, hicho ndicho kiwango cha juu cha kukadiria. Mwendo wa wastani ni nusu yake hadi asilimia 70, yaani 98 mpaka 137 kwa dakika. Kama huna bendi, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko hapo hapo. Lakini cheza chini na jua la Ikutha. Joto likiwa kali moyo unadunda zaidi kwa mwendo ule ule, kwa sababu mwili unapeleka damu kwa ngozi ujipoze. Ukiona saa saba mchana namba iko 160 na unatembea tu pole pole, usijisifu umekaza. Tafuta kivuli na maji. Kimbia alfajiri.

Kalori nazo, buda, wacha. Mwaka wa 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kilipima vifaa saba vya mkononi. Sita vilikaribia vizuri kwa mapigo ya moyo. Kwa kalori hakuna hata kimoja kilichofaulu: kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Ikikuambia umechoma 400, inaweza kuwa 300, inaweza kuwa 500. Usijilipe na chapo mbili za ziada kwa hesabu hiyo.

Ukinunua, Luthuli Avenue Nairobi utapata kila aina. Kwa mtu wa kwenda ocha mimi naangalia betri kwanza. Bendi nyembamba, zile za Xiaomi na Huawei, hukaa wiki moja au mbili bila chaji, na saa janja kubwa nyingi zinataka chaji kila siku au mbili. Mahali stima ni ya sola na kuna foleni ya simu tatu mbele yako, utajua tofauti.

Lakini hapa ndipo naomba usome pole pole. Huko Luthuli kuna saa za bei rahisi zinazosema zinapima presha na sukari bila kudunga. Wasee wengi wananunulia wazazi ocha, wakiona ni zawadi poa. Februari 2024, mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ebu fikiria shosho wa kisukari. Saa inamwambia sukari iko sawa, anaruka dawa. Au inamwambia iko juu, anaongeza dozi, sukari inashuka mpaka anazirai, na hospitali iko mbali.

Presha ni hivyo hivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hiyo ganji ya saa ya kubahatisha, nunua mashine ya presha ya mkanda wa mkono wa juu kwa famasi inayojulikana. Kisha mbebe shosho kwa kituo cha afya, wapime kwa yao na kwa yako siku hiyo hiyo, muone kama namba zinakaribiana. Ziandike kwa kitabu chake cha kliniki. Hiyo bendi baki nayo wewe, ya kuhesabu hatua za kwenda na kurudi.