Marafiki wa Louvre: mchango, masomo na picha moja ya Pieta

Société des Amis du Louvre, ni kusema Marafiki wa Louvre, ni shirika la watu wanaosaidia makumbusho ya Louvre, Paris, inchini Ufaransa. Lilianzishwa mwaka wa 1897 kwa kununulia Louvre kazi za sanaa.

Kila memba analipa mchango kila mwaka. Yeye anaingia makumbusho bila kulipa tena, anaalikwa kwenye mihadhara ya historia ya sanaa na kutembelea maonyesho pamoja na wengine. Ni hapo watu wanajuana, na hata asiyesomea sanaa anajifunza kuangalia picha.

Makuta ya mchango inanunua picha. Mfano mukubwa ni Pieta ya Villeneuve-lès-Avignon: Bikira Maria amebeba mwili wa Yesu kwenye magoti. Inasemwa ni kazi ya Enguerrand Quarton, karne ya 15. Ilikuwa katika kanisa la ule muji mudogo. Mwaka wa 1904 ilionyeshwa Paris. Mwaka wa 1905 Marafiki waliinunua franga 100.000, wakaitoa kwa Louvre.

Leo watu wa dunia yote wanaiona. Lakini Villeneuve, waamini hawapigi tena magoti mbele yake.