Washauri wa umeme na maendeleo ya mugini: ni watu gani, na tuwaulize nini?

Katika Haut-Katanga na Lualaba kuna vijiji vingi ambako nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya mashamba, lakini usiku watu wanatumia tochi ya telefone. Hapa kwetu upande wa Mulungwishi, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi, ulizo hilo linarudi kila mara: umeme unapita, kwa nini haushuki? Na siku fulani linakuja gari, watu wanashuka na karatasi ao tablete, wanauliza: munatumia makaa kiasi gani? Munasaga wapi mahindi? Munaweza kulipa franka ngapi kwa mwezi?

Wale ndio tunawaita “bakonsilta”, ni kusema washauri. Makala hii inaeleza kazi yao ni nini, nani anawalipa, na kwa nini majibu yetu kwa maulizo yao ni mambo makubwa kuliko tunavyofikiri.

Umeme wa Katanga ulijengwa juu ya nani?

Tuanzie zamani kidogo. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930. Koni kilifuata mwaka 1950 kwenye mto uleule. Miaka ya 1950 vikaja vya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Vyote vilijengwa kwa ajili ya shaba ya Union Minière. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaongezwa laini ya Inga–Kolwezi, ya kilometa 1.700 hivi, nayo pia juu ya migodi.

Basi watu wanaosema umeme unaleta maendeleo hawadanganyi. Ulileta viwanda, reli ya umeme, na miji kama Likasi na Kolwezi. Lakini aliyehesabiwa tangu mwanzo ni mgodi. Mugini haukuhesabiwa.

Kuna pia sababu ya kiufundi. Laini kubwa inabeba volti 120.000 ao 220.000, na nyumba inahitaji 220 tu. Kushusha umeme huo kunahitaji kituo chenye transfoma kubwa, na bei yake inapita kabisa uwezo wa kijiji kimoja. Laini ya Inga–Kolwezi ni ngumu zaidi: inabeba umeme wa namna nyingine, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, na volti zake zinafika 500.000. Huwezi kuikata katikati ya njia na kutoa kipande cha umeme. Kwa hiyo mtu akiahidi “tutashusha tu ile waya”, umuulize vizuri ni waya gani.

Mshauri anafanya nini?

Kazi ya mshauri wa maendeleo yanayoanzia kwa umeme si kuweka nguzo. Hiyo ni ya mafundi. Yeye anatafuta jibu la ulizo moja: umeme ukifika, watu watafanya nao kazi gani ya kuingiza makuta? Kwa kawaida anapitia hatua hizi:

1. Anahesabu makuta ambayo watu tayari wanatumia: mishumaa, mawe ya tochi, mafuta ya grupu, kuchaji telefone, makaa.

2. Anahesabu kazi zilizopo: mashini za kusaga, maseremala, wachomelea vyuma, saluni, wamama wanaouza samaki, wakulima wanaohitaji pompi ya maji.

3. Analinganisha vyanzo: jua, mto mdogo, ao laini ya SNEL kama iko karibu.

4. Anapendekeza bei ya umeme ambayo watu wataweza, na ambayo itatosha kulipa matengenezo.

5. Anapanga mambo mengine: mkopo wa kununua mashini, mafunzo ya vijana, soko la kuuzia.

6. Anarudi kuangalia kama yale yaliyoandikwa yanatendeka.

Hatua ya tano na ya sita ndizo zinazosahaulika zaidi. Lakini bila hizo, umeme unabaki wa taa na muziki peke yake.

Hesabu ndogo ya kufahamu

Tuchukue mfano. Nyumba moja ina taa nne za wati 5, zinawaka saa tano kila usiku. Hiyo ni wati-saa 100, ni kusema 0,1 ya kilowati-saa kwa siku. Sasa mashini ya kusaga ya kilowati 7,5 ikifanya kazi saa nne kwa siku, inatumia kilowati-saa 30. Mashini moja inakula umeme sawa na nyumba 300.

Hapo tunaona mambo mawili. La kwanza, mtambo uliopimwa kwa taa tu hauwezi kuanzisha mashini ya kusaga. Na tukumbuke kwamba mota, wakati inaanza, inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshaanza kuzunguka. La pili, mwenye kuuza umeme kwa taa tu anapata makuta kidogo sana. Hataweza kubadilisha betri siku zikichoka. Mtambo utazimika, na watu watasema “sola ni mbaya”, kumbe hesabu ndiyo ilikuwa mbaya.

Kwa hiyo mama akijibu mshauri kwamba anataka taa tu, kwa sababu anaona haya kutaja mashini ya kusaga aliyoota siku nyingi, jibu lile litaingia katika ripoti. Na ripoti ndiyo itapima ukubwa wa mtambo kwa miaka mingi.

Mifano ya mahali pengine

Mfano unaojulikana zaidi mashariki mwa nchi ni wa Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2013, shirika linalosimamia Mbuga ya Virunga lilifungua kituo kidogo cha maji huko Mutwanga, chini ya milima Rwenzori, chenye kilowati 400 hivi. Mwisho wa mwaka 2015 kikaja cha Matebe, katika Rutshuru, cha megawati 13 na zaidi. Wazo lao lilikuwa wazi: kijana akipata kazi kwa sababu ya umeme, hataingia mbugani kukata miti ya makaa wala hatafuata watu wa bunduki. Kule Mutwanga kikafunguliwa kiwanda cha sabuni. Zamani mafuta ya mawese yalikuwa yanavuka mpaka, na sabuni inarudi kuuzwa kwa watu walewale waliotoa mafuta. Tena wafanyabiashara wadogo walipewa mikopo, wakailipa pole pole kupitia kompteri ya umeme.

Mfano huo una upande wa pili pia. Rutshuru ilianguka mikononi mwa M23 mwaka 2022. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, mji ulikosa umeme, na pompi za maji zikasimama. Mpango wa umeme ambao hausemi kitu juu ya usalama ni mpango wa nusu.

Kwa majirani zetu wa Kenya kuna mfano mdogo wenye mafundisho. Huko Tungu-Kabiri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wakaaji karibu 200 walijenga kituo cha maji cha kilowati 18, wakisaidiwa na washauri wa shirika ambalo leo linaitwa Practical Action. Wenyeji walinunua hisa na walichimba wenyewe. Kwa sababu umeme ulikuwa kidogo, haukugawanywa kwanza nyumba kwa nyumba. Waliuelekeza kwa kituo kimoja cha kazi: kusaga, kuchomelea, kuchaji betri. Kilowati 18 hazitoshi kuangaza kijiji chote vizuri, lakini zinaweza kulisha watu kadhaa.

Nani anawalipa?

Hapa tufungue macho. Mshauri anaweza kulipwa na sosiete ya mgodi, na serikali, na Benki ya Dunia, na nchi ya kigeni, na shirika lisilo la serikali, ao na mwenye kutaka kuuza mitambo. Si kosa kulipwa. Lakini anayelipa ndiye anayeandika maulizo. Anayeuza sola hawezi kuchoka kusema sola ni nzuri, hata kama mto uko pale pale nyuma ya shule.

Kuna mambo matatu ya sheria ambayo kila mkaaji wa hapa anapaswa kuyafahamu.

Sheria 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL. Leo mtu binafsi, ao kikundi, anaweza kuzalisha na kuuza umeme akifuata masharti. Baadaye serikali iliunda ARE, inayosimamia sekta na bei, na ANSER, inayoangalia umeme wa vijijini na pembeni ya miji. Mshauri anayejua kazi yake atataja majina hayo mwenyewe, bila kuulizwa.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha sosiete inayochimba kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Kama sosiete imeuza dola milioni 100, hiyo ni dola 300.000. Tena inapaswa kutia sahihi “cahier des charges”, hati ya ahadi, pamoja na jamii zinazoguswa na mgodi.

Sheria hiyo hiyo inasema 15% ya redevance ya migodi iende kwa mji, komine, sekta ao usultani ambako mgodi uko.

Makuta yapo, basi, angalau katika karatasi. Na ripoti ya mshauri mara nyingi ndiyo inayoamua kama makuta hayo yatakuwa taa za barabarani za kupiga picha siku ya sherehe, ao chumba cha baridi cha samaki, ao pompi ya mashamba ya mboga.

Maulizo saba ya kumuuliza mshauri

Akifika kwako, mpokee vizuri, mpe kiti, mpe maji. Kisha na wewe muulize:

1. Nani amekutuma, na nani anakulipa?

2. Ripoti yako tutaipata lini, na katika Kiswahili?

3. Umepima umeme wa taa tu, ao na wa mashini?

4. Mtambo ukiharibika mwaka wa tatu, nani atatengeneza, kwa makuta gani?

5. Kilowati-saa moja itauzwa bei gani, na nani anaweza kuipandisha?

6. Wamama na vijana watapata wapi mkopo wa kununua mashini?

7. Nyaya na mitambo itakuwa mali ya nani?

Asipoweza kujibu siku hiyo, si vibaya. Aandike maulizo, arudi nayo. Lakini kama hataki hata kuyaandika, shefu na wazee wa kijiji wanayo haki ya kusimamisha mkutano mpaka majibu yapatikane.

Wengi wetu tumejibu maulizo ya namna hii zaidi ya mara moja, na hatukuona ripoti hata siku moja. Ndiyo maana watu wamechoka, wanajibu vyovyote ili mgeni aende. Tunaelewa. Lakini jibu la vyovyote linatuumiza sisi. Kijiji ambacho kimeshakaa chini, kikahesabu chenyewe mashini zake, mafuta yake ya grupu na mashamba yake, kinampokea mshauri kikiwa na daftari mkononi. Hapo hataandika anayoyataka yeye peke yake.

Daftari la namna hiyo halihitaji mtaalamu. Linahitaji kalamu, jioni mbili ao tatu, na watu wasioogopa kusema kweli juu ya makuta wanayotumia. Wanafunzi na walimu tunao, Mulungwishi ina hata chuo kikuu. Tunaweza kuanza kabla ya gari lingine kufika.