Mnyonyoko si Upele

Mbwa wa ulinzi aliyezeekea getini Kizingo akianza kubaki ngozi tupu mbavuni, jina huwa tayari: upele. Jina hilo huja na tiba yake, na tiba mbaya kuliko zote ni oili chafu ya gari, ambayo mbwa huilamba ikamdhuru kama sumu. Ndiyo sababu naona istilahi alopesia, yaani kupotewa na manyoya, inahitaji Kiswahili chake, nami napendekeza mnyonyoko wa manyoya. Upele hauachani na kujikuna. Ile methali ya upele kumwota asiye na kucha haina maana pasipo mwasho. Ndivyo ulivyo upele wa mbwa hasa. Kijidudu Sarcoptes huchimba ngozi, ncha za masikio na viwiko huota magamba, na hata anayemshika mbwa huyo aweza kuwashwa. Mnyonyoko wa uzeeni mara nyingi una sura nyingine kabisa. Tezi ya shingoni ikilegea, manyoya huisha mbavu zote mbili kwa ulinganifu, mkia hubaki mtupu kama wa panya, na mbwa hunenepa bila kuongezewa chakula. Tezi za juu ya figo zikizidisha homoni ya kotisoli, mbwa hunywa maji kupita kiasi, tumbo huning'inia, ngozi huwa nyembamba. Sindano za steroidi zikirudiwa mno huleta hali hiyohiyo.

Mtu atapinga akisema kwamba ngozi dhaifu huingiliwa na bakteria na fangasi, hasa kwenye unyevu wa pwani, nayo ikawasha. Ni kweli, na kwa hiyo swali la kumuuliza mlinzi ni moja: kilitangulia kipi, kujikuna au kunyonyoka? Wengine watashikilia alopesia kwa kuwa ni ya kimataifa. Lakini Wagiriki walilitoa neno hilo kwa mbweha aliyenyonyoka kwa upele, kwa hiyo limebeba mkanganyiko uleule tunaoukimbia. Mnyonyoko hutaja kinachoonekana tu na kuacha sababu itafutwe. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini, na asipoona kijidudu hupima damu. Hata akimwona kijidudu Demodex, ambaye hukaa kwenye vinyweleo vya mbwa wazima bila kuwadhuru, kwa mbwa mzee bado ana la kuuliza: kinga imeshushwa na nini? Tezi ya shingoni ikithibitika kulegea, dawa ni vidonge vya kila siku maisha yote, na manyoya huchukua miezi kurudi.