Peugeot ya machungwa, Muheza

Juzi natoka chuo kwenda Tanga, pale Muheza basi letu likapishana na Peugeot 404 pikapu, imejaa machungwa, moshi kibao. Abiria wakacheka. Jamani, hilo gari si la kuchekwa! Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally kwa 404 saluni, kwenye vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanzania. Springi zake ziliyamudu mashimo yetu, ndiyo maana wazee waliipenda. Saluni iliacha kutengenezwa Ufaransa 1975. Siku hizi wa chuma chakavu wanazipima kwa kilo. Ukiiona moja njiani, ipige picha fasta.