Mgongo unaogawa maji ya Thika

Ramani za zamani za Thika, zile za 1:50,000 nilizofundishia jiografia, nimezibandika nne pamoja. Sikuwa na njia nyingine. Mji umeangukia pembeni mwa shiti yake: digrii 1 kusini ya ikweta ni kama kilomita 4 tu kaskazini yake, na digrii 37 mashariki haifiki kilomita 10 upande wa magharibi. Ukiwa na shiti moja unauona mji, mito yake imekatwa shingo.

Wageni wanaonitembelea hapa Kamenu huitafuta kwanza reli iliyofika 1913, au hoteli ya Blue Posts ya 1908, iliyojengwa kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Mimi huwaambia wafuate maji. Chania inateremka kutoka Nyandarua, inakutana na Thika chini kidogo ya hoteli, kisha Thika inakwenda mashariki kuingia Tana, ambayo huingia baharini Kipini. Shusha kidole kusini, upande wa Juja, ukute Ndarugu. Mbele zaidi, Ruiru. Hizo ni za ukoo mwingine. Maji yake huingia Athi, na Athi ikikaribia pwani huitwa Sabaki, ikamwagika kaskazini ya Malindi.

Kinachotenganisha koo hizi si mlima. Ni mwinuko mpole ambao abiria wa matatu ya Nairobi huuvuka bila kuuhisi. Kwenye karatasi lazima uutafute kwa penseli: kontua zikichongoka kuelekea juu, hapo ni bonde, zikichongoka kuelekea chini, hapo ni mgongo. Mwanafunzi aliyeufuata mgongo ule hadi ukingo wa karatasi bila kukanyaga kijito hata kimoja nilimheshimu kuliko aliyekariri miji mikuu yote ya Afrika.

Ramani hizi zilichapishwa kabla ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 kwenye mto Thika, huko juu Gatanga. Tangu hapo sehemu kubwa ya maji hayo hupitishwa chini ya ardhi na kwenye mabomba hadi Nairobi. Yakishatumika mjini, mengi huishia mto Nairobi, na mto Nairobi ni wa Athi. Mgongo nilioufundisha ungali pale pale, lakini maji yaliyokuwa ya Kipini sasa yanatokea Malindi.