Mwaka 1960: vijana wa chuo kikuu walipokabidhiwa sanduku la serikali ya Kongo

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, lakini Wakongo waliosomea namna serikali inavyokusanya kodi na kuitumia walikuwa wachache mno. Chuo kikuu cha Lovanium, kule Léopoldville, leo Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Vyeo vikubwa na hesabu za serikali vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Siku chache baadaye wanajeshi waliasi, na maofisa wengi wa Kibelgiji wakakimbia. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kampuni ya shaba, Union Minière, ikawa inamlipa yeye kodi. Mwezi wa 8, Kasai Kusini yenye almasi nayo ikajitenga. Serikali ya Léopoldville ikabaki na mishahara ya kulipa, huku sanduku likikauka.

Mwezi wa 9, Kanali Mobutu aliwasimamisha wanasiasa, akaunda Baraza la Makamishna. Ndani yake mlikuwa na vijana waliomaliza chuo kikuu na wengine waliokuwa wangali wanafunzi. Justin Bomboko aliliongoza. Fedha alikabidhiwa Albert Ndele, aliyesomea uchumi na ambaye baadaye akawa gavana wa benki ya taifa. Mambo ambayo wenzao kwingine walikuwa wakiyasoma darasani, wao walikutana nayo kazini, askari na walimu wakingoja mshahara.

Elimu peke yake haikuleta haki. Ni chini ya utawala huo Patrice Lumumba alipelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata Baraza likavunjwa.

Maswali ya mwaka ule ndiyo wanayoyasoma hadi leo wanaoendelea na masomo ya juu ya uchumi wa umma: nani anatoza kodi, nani analipa, na pesa inamrudia nani? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Kuandika ni jambo moja, kutekeleza ni lingine.

Mama anayetozwa kodi sokoni, na familia iliyohama kijiji ikapanga foleni ya maji kambini, wana haki ya kuuliza maswali hayohayo. Kijana anayesomea hesabu za serikali atakuwa amesoma kweli siku atakapoweza kuwajibu kwa lugha wanayoielewa.