Arobaini wa Ijumaa

Wasomali wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu watu kabla ya swala ya Ijumaa: wanaume arobaini, waliobaleghe, wakazi wa mahali hapo.

Ukazi ndio sharti zito huku. Mfugaji anayehamahama na ngamia kufuata malisho halazimiki. Huswali adhuhuri hukohuko nyikani. Wahanafi, kwa kulinganisha, hutosheka na imamu na watu watatu.

Wayahudi nao huhesabu, ila kwao ni kumi. Kwa desturi ya Kiothodoksi, wanaume tisa wanaweza kuomba, lakini Torati haisomwi hadharani, wala kadishi, sala ya wafiwa, haisemwi. Mvulana huhesabika akitimiza miaka 13.